Chai ya Kifua

Mama mkwe wangu hakunipenda tangu siku ya kwanza, na mimi sikujisumbua kumbembeleza. Jina lake Ismay. Tumeishi nyumba moja hapa Chateaubelair, kijiji cha pwani kisiwani kwetu, tangu nilipoolewa na mwanawe Garnet, na katika miaka yote hiyo hajawahi kunipikia hata kikombe kimoja cha chai. Chai yake ilikuwa ya mtu mmoja. Kila alfajiri alikuwa keshachuma majani ya bangi nyuma ya jiko, keshayachemsha kwa tui zito la nazi, keshatia sukari, na sasa amesimama ndani ya chumba chetu, maana kubisha hodi hakujui.

"Garnet! Chai ya kifua."

Na mume wangu, mwanamume mzima mwenye ndevu, anaamka, anakunywa yote, anarudisha kikombe. "Ahsante, Mama." Mimi natupiwa jicho la pembeni. "Na wewe bibie, jua likukute hapohapo?"

Garnet alizaliwa na pumu. Dada yake aliyemtangulia, Merle, alikuwa nayo pia, akafa nayo akiwa mtoto, mikononi mwa Ismay, barabarani, wakisubiri gari la kuwapeleka hospitali Kingstown. Garnet naye alipoanza kuishiwa pumzi, Ismay hakusubiri gari. Alichemsha majani. Mtoto akapona, akakua, akapanda mlima na magunia mgongoni. Kama ni chai au ni Mungu mimi sijui, lakini Ismay hakumwachia Mungu hata nusu ya sifa. Ukikaa naye dakika chache lazima akusimulie, na akimaliza anajipiga kifuani mwenyewe. "Mikono hii. Si daktari. Mikono hii."

Mume wangu hakuwahi kuvuta bangi, moshi wake ulimkaba. Lakini aliilima maisha yake yote. Alikuwa mtu wa mlimani, kama walivyokuwa wanaume wengi wa huku kwetu. Walipanda mpaka mabegani mwa Soufrière, mlima wetu wa volkano, huko ambako hakuna anayeuliza ardhi ni ya nani, wakafyeka, wakalima, wakalala kwenye vibanda vya majani, na wakati wa kushuka mizigo walishuka kwa zamu, wakisaidiana, leo mzigo wako kesho wangu. Boti zilikuja kutoka Barbados na Trinidad na visiwa vya Wafaransa. Askari nao walikuja na helikopta na mapanga, wakafyeka shamba zima, na wiki iliyofuata Garnet alipanda tena. Tulikuwa wahalifu, sikatai, lakini tulikuwa wahalifu wenye kazi. Nyumba hii ya matofali ilijengwa na bangi. Hata paa la kanisa, mchungaji anajua fedha zake zilitoka wapi, na hakuwahi kuuliza.

Siku sheria ilipopita bungeni, kwamba sasa bangi ni dawa na mtu anaweza kupewa leseni, watu walipiga sufuria barabarani. Garnet alinibeba akanizungusha uani mpaka Ismay akasema tutavunja mbavu za watu. Tulidhani sasa tutalima mchana kweupe.

Kumbe leseni inataka uzio, na kamera, na hati ya shamba, na maabara. Nani mlimani ana hati? Visiwa vingine navyo vikabadilisha sheria zao, vikaanza kulima vya kwao, na boti zikaacha kuja. Kisha mlima wenyewe ukalipuka, ukafunika kilichobaki kwa majivu. Watu wa mlimani wakawa watu wa kibaraza cha duka la ramu, wanacheza dhumna tangu asubuhi, wanabishana kwa sauti kubwa kuhusu mambo yasiyo na maana. Niliona mume wangu akiketi pale siku moja na mikono yake mitupu juu ya magoti, nikapita kama sikumwona, nikaenda kulia nyuma ya kanisa.

Zilibaki njia mbili. Njia ya kwanza ni Canada. Jina la Garnet lilikuwa limetoka kwa wale wanaokwenda kuchuma matunda kwa mkataba, miezi minane kila mwaka, na kifua kile kwenye baridi ile. Na sisi bado tulikuwa tunatafuta mtoto. Nilikuwa nakaribia miaka arobaini. Miezi minane kila mwaka maana yake mtoto hayupo, tusidanganyane.

Njia ya pili ilikuwa kampuni. Wageni walikuwa wamechukua shamba la zamani la migomba bondeni, wakalizungushia waya, wakapata leseni, na sasa wanalima bangi ya dawa ya kupeleka Ulaya. Walitaka watu wanaoujua mmea. Msimamizi wao alikuwa mtu wa kwetu, Cato, aliyesoma na Garnet shule ya msingi. Alimweka Garnet kwenye majaribio, akampenda. "Kaka, kazi ni yako," alimwambia. "Kimebaki kipimo tu."

Kipimo kilikuwa cha mkojo.

Garnet alirudi siku ile na uso wa mtu aliyepigwa kofi na mtu asiyemjua. Mimi nilikuwa nageuza shelisheli juu ya makaa.

"Nimefeli," akasema.

"Umefeli nini? Kukojoa?"

"Wanasema nina bangi mwilini. Kampuni inayolima bangi, Ardene, haimtaki mtu mwenye bangi. Wanunuzi wao wa Ulaya ndio wanataka hivyo. Nesi ananiambia mmea ni wa wagonjwa, si wa wafanyakazi."

"Lakini wewe huvuti!"

"Ndivyo nilivyomwambia. Akacheka. Anasema wote wanasema hivyo."

Tukatazamana. Dirisha la jiko lilikuwa wazi, na Ismay alikuwa uani akimwimbia kuku wake. Wote wawili tulielewa kwa pamoja.

"Chai," nikasema.

"Shh."

Cato alikuwa amempigania, akampatia nafasi ya pili baada ya mwezi. Nilisema basi rahisi, tumwambie Mama aache kuipika. Garnet akanishika mkono, akanivuta mpaka chini kwenye wembamba wa njia ambako sauti haifiki.

"Ukimwambia chai yake imeninyima kazi, umemuua. Unamjua. Hana kingine, Ardene. Alimzika Merle, akabaki na ile chai. Mimi nitaacha kunywa tu. Nitatafuta sababu."

Sikupenda. Lakini mume wangu haombi mara nyingi.

Basi asubuhi iliyofuata Ismay akaja na kikombe, Garnet akasema tumbo linamsumbua. Asubuhi ya pili, tumbo. Asubuhi ya tatu Ismay akauliza ni tumbo gani hilo linalokula samaki watatu usiku na kukataa chai asubuhi. Garnet akajikakamua akasema, "Mama, nimekua. Nimechoka na uchungu wake. Niachie tu."

 Ismay akaimwaga ile chai pale pale nje ya mlango, akanigeukia mimi.

"Hongera, bibie."

"Mimi nimefanya nini?"

"Umemfundisha kuona haya. Chai ya mama yake sasa ni ya watu wa mlimani. Mnataka kuwa watu wa ofisini, watu wa kampuni. Haya. Kampuni itamshika kifua akianza kutapatapa?"

Nilikuwa na la kumjibu, tena kali. Garnet alinitazama, nikalimeza. Mwezi ule nilimeza maneno mengi kuliko chakula. Alinisema kwa Eulalie jirani yetu, alinisema kisimani, alinisema kwa kuku. Garnet alikuwa anaumia zaidi yangu, kwa sababu kila asubuhi alimwona mama yake akitoka jikoni mikono mitupu, akizuga kwamba anatafuta ufagio.

Na kifua kikarudi. Siku za kwanza kililia filimbi kila alipolala, nikamkandakanda mgongo kwa mafuta mpaka mikono inauma. Ismay chumba chake ni ukuta mmoja na chetu. Alisikia yote. Hakusema kitu, na mimi nilidhani ni kiburi.

Baada ya wiki moja filimbi ikanyamaza. Tukamshukuru Mungu, mimi na Garnet, tumepiga magoti kama watoto. Alinenepa kidogo. Ismay naye alikuwa amelegeza uso, akaanza kumpikia mwanawe chai ya kakao asubuhi, nzito, yenye mdalasini na kokwamanga, na Garnet akainywa kwa furaha kwa sababu walau kuna kitu angeweza kukipokea mkononi mwake. Niliwaona wakicheka pamoja mezani. Nikasema moyoni, tumevuka.

Siku ya kipimo cha pili Garnet alivaa shati la kanisani. Nilimwambia wanapima mkojo, hawapimi shati, akacheka. Nilikaa kibarazani nikimsubiri, nikamwona kutoka mbali akipanda njia, na kabla sijaona uso wake nilikwisha kujua, kwa jinsi alivyokuwa ameshika lile shati mkononi.

"Mkojo umekataa tena," akasema.

"Haiwezekani."

"Cato amenisema mbele za watu. Anasema amejitia aibu kwa ajili yangu. Anasema mtu wa mlimani ni mtu wa mlimani tu, hawezi kujizuia." Akakaa kwenye ngazi. "Sikugusa, Ardene. Naapa kwa kaburi la Merle, sikugusa."

"Najua."

"Sasa imeingiaje?"

Hakuna aliyelala vizuri. Asubuhi niliingia jikoni mapema kuliko kawaida yangu, nikamkuta Ismay amenipa mgongo. Chai ya kakao ilikuwa inachemka. Mkononi alikuwa na chupa ya ramu kali, ile anayoificha nyuma ya gunia la unga, imejaa majani yaliyolowekwa mpaka ramu imekuwa nyeusi. Alimimina kijiko kimoja kikubwa, akakoroga. Akageuka, akaniona. Badala ya kushtuka akatabasamu, tabasamu la mtu aliyeshinda kesi.

"Ulidhani umeniweza, eh?"

"Mama, nini hicho?"

"Kijiko kimoja tu. Kila siku. Hakuhisi hata. Wewe ulilala unasikiliza kifua cha mwanangu kinapiga filimbi, ukampaka mafuta. Mafuta! Mimi nilimzika mmoja, bibie, simziki wa pili kwa sababu ya haya zako. Hebu msikilize sasa. Kifua kimetulia au hakikutulia?"

Miaka yote nilitafuta neno moja la kumnyamazisha mwanamke huyu. Sasa lilikuwa mdomoni. Wewe ndiye uliyemnyima mwanao kazi, sasa atakwenda Canada. Maneno machache tu, na asingenyanyua tena kidole kuninyooshea. Nilifungua mdomo, naapa nilifungua.

"Mama, kakao imeiva?"

Garnet alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini, lakini nilipomwona macho nilijua alisikia kila kitu. Ismay alificha chupa nyuma ya gauni lake haraka, kama msichana.

"Imeiva, mwanangu."

"Nimiminie basi. Kikombe kikubwa."

Akakaa mezani. Mama yake akammiminia, akasimama kando yake akimwangalia anavyokunywa, uso wake wote umechangamka. Garnet alikunywa polepole mpaka chini. Akafuta midomo. "Tamu, Mama," akasema. Mimi nilitoka nje, nikashika ukuta.

Alinikuta huko. "Usiseme," akaniambia. "Sasa wala baadaye. Nakuomba kama mume wako."

"Na mimi je? Mimi ninaachiwa nini? Unakwenda Canada, mimi nabaki na yeye ananitukana kwa kosa lake mwenyewe?"

"Ndiyo," akasema, na akaanza kulia. Sikuwahi kumwona akilia, hata mlima ulipozika shamba lake. "Ndiyo, mke wangu. Hicho ndicho ninachokuomba."

Nilikubali. Nilimchukia kidogo, nikakubali.

Akaenda. Ismay alilia uwanja wa ndege mpaka walinzi wakaja kumshika, na tangu siku hiyo akawa na kazi moja, kuilaani kampuni. Akipita kwenye ule uzio anatema mate. "Wezi nyie! Mlikuwa na kazi, mkamnyima mtoto wa hapa! Mwanangu aliujua mmea huo kabla ninyi hamjajua kuandika jina lake!" Walinzi wa getini walimzoea, wakawa wanamsalimia. Usiku wa mvua alikuwa anasema Canada kuna baridi, na nani huko atamchemshia. Mimi nilipika, nilifua, nilinyamaza. Mwezi wangu ulikuja kila mara kwa wakati wake, na hapakuwa na mume wa kumwambia kwamba umekuja tena.

Ilipofika Oktoba, Jumapili moja baada ya ibada, tulikuwa kibarazani kwa Eulalie tunamenya magimbi ya supu. Mwanawe Kimron alikuwa amepata kazi kampuni mwezi uliopita, na Ismay hakuweza kulivumilia hilo.

"Wamemchukua Kimron asiyejua jani na gugu," akasema, "wakamwacha Garnet wangu. Kuna haki hapo?"

Eulalie ni mwanamke mzuri, hana kinyongo, na hakujua lolote. "Si kujua mmea, mwenzangu. Ni mkojo. Mimi Kimron nilimnyima chai ya majani mwezi mzima. Analalamika mgongo, namwambia vumilia. Wale wakikukuta na bangi mwilini hawataki hata kukujua jina. Kwani Garnet hakukwambia? Si alipimwa mara mbili?"

Kisu changu kilisimama. Nikataka kumkanyaga Eulalie mguu, lakini alikuwa mbali.

"Mara mbili," Ismay akasema.

"Ndiyo. Kimron anasema Cato alisikitika sana. Alimpa mwezi mzima ajisafishe, na bado."

Ismay aliweka gimbi chini. "Mtu akinywa kidogo tu," akauliza, "tuseme kijiko. Cha kwenye ramu. Kitaonekana?"

"Nesi alisema hata kijiko. Kila siku kijiko? Mbona kitaonekana sana."

Ismay akainuka. Hakuaga, akaacha hata kitambaa chake cha kichwa kwenye kiti. Nilimfuata nyuma njia nzima na sikuthubutu kumfikia. Mwanamke yule hutembea kama mwenye barabara, lakini siku ile alitembea pembeni kabisa, karibu na mtaro.

Nyumbani alikaa kwenye kiti cha Garnet. Aliniita kwa jina langu, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza.

"Ardene. Ulijua?"

"Nilijua, Mama."

"Na yeye?"

Nilitamani nidanganye. "Alikuwa mlangoni asubuhi ile."

Alifikiri kidogo, nikaona anairudia ile asubuhi, kikombe kikubwa, na jinsi mwanawe alivyokinywa.  Nilipiga magoti mbele yake, sikujua nimshike wapi, kwa sababu hatukuwahi kushikana.

Hapo simu ikalia. Garnet hupiga kila Jumapili. Nikasema niiache, Ismay akanyoosha mkono akaichukua. Sauti ya Garnet ilijaa chumba, na kabla hajamaliza salamu akakohoa, kikohozi kirefu, kikavu.

"Ni baridi tu, Mama. Tunachuma matufaha, upepo ni mkali. Kifua kizima."

"Mwanangu," akasema Ismay. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, sijui aliitoa wapi. "Asubuhi huko wanakupa nini cha kunywa?"

"Kahawa, Mama."

"Kahawa." Akafumba macho. "Kunywa kahawa, mwanangu. Kahawa ni nzuri."

 Garnet alimjua mama yake. "Nipe Ardene," akasema.

Nikaipokea simu. "Mama ana nini?" akaniuliza. "Kuna mtu kamwambia?"

Ismay alikuwa ananitazama, mkono mmoja umeziba mdomo, na kichwa chake kinatikisika, hapana, hapana, hapana. Machozi yalikuwa yanapita kati ya vidole. Hakutaka mwanawe ajue kwamba amejua. Hakutaka alie huko peke yake kwa ajili yake. Moyo wangu ulivunjika kwa ajili ya mwanamke ambaye nusu ya maisha yangu nilimtakia mabaya.

"Hana kitu," nikamwambia mume wangu. "Jua lilikuwa kali kanisani, amechoka."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Jumapili ijayo utamkuta mzima."

Akaamini, au akajifanya ameamini, akaniaga. Niliizima simu, nikakaa sakafuni karibu na miguu ya Ismay, na tukalia wote wawili mpaka giza likaingia, hakuna aliyeinuka kuwasha taa.